Sahani Hairudi Tupu: Historia ya Vitafunio Vyetu Kabla ya Boksi la Plastiki



Harusi za siku hizi zikimalizika na wageni wakaondoka, ukumbini hubaki kitu ambacho bibi zetu hawakukijua: rundo la maboksi ya plastiki. Kila mgeni alipewa lake, ndani mna sambusa, katlesi, kipande cha keki na kileja kimoja. Vilivyomo huliwa kwa dakika kumi, lakini boksi lenyewe litabaki ardhini miaka mingi baada ya sisi kuondoka.

Hebu tupige hesabu pamoja. Harusi ya wageni 300, kila mmoja ana boksi lake, chupa ya maji, kijiko cha plastiki na kifuko cha zawadi. Hivyo ni vitu vinne kwa kila mtu, na jumla yake ni 1,200 kwa alaasiri moja. Na sisi tunaishi kisiwani. Taka zinazozolewa mjini hupelekwa jaa la Kibele. Zisizozolewa huziba mitaro mvua za masika zikija, na nyengine humalizikia baharini, kule kule tunakovua samaki wetu.

Mtu akizungumza habari ya kupunguza plastiki, wengi wetu hudhani ni mambo ya watalii na mahoteli ya pwani. Mimi nasema ni mambo ya jikoni kwetu. Vitafunio vyetu viliishi karne na karne bila ya kuacha taka, na sababu yake ni moja tu: chombo kilikuwa na mwenyewe, na lazima kirudi. Tuifuate historia hiyo kidogo kidogo.

Walima uliotandikwa juu ya ngozi

Tuanze mbali, kwa sababu biharusi wa Kiislamu ana ruwaza njema ya kuitazama. Mwaka wa 7 Hijria, Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wasallam) alipokuwa anarudi kutoka Khaybar kwenda Madina, alimuoa Bibi Safiyya (radhi za Allah ziwe juu yake). Anas bin Malik amesimulia walima ule, na habari yake imo katika Sahihi Bukhari. Hapakuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi chini, zikawekwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, na watu wakala.

Huo ni walima wa mbora wa viumbe. Kitandiko ni ngozi, ambayo baada ya watu kula ilikung'utwa, ikakunjwa na kuendelea na safari. Hakuna kilichobaki njiani nyuma yao. Nikimuona biharusi analia kwa sababu bajeti ya maboksi yenye jina lake haikutosha, natamani aikumbuke ile ngozi. Heshima ya walima ule haikupungua hata chembe, na mpaka leo, baada ya zaidi ya miaka 1,400, bado tunausimulia.

Mnazi, mgomba na ukili

Huku kwetu Unguja na Pemba, Mwenyezi Mungu alitupa vyombo vya bure. Kuti bichi la mnazi lilisukwa likawa pakacha, la kubebea maembe na mihogo. Kifuu kikatiwa mpini kikawa upawa. Jani la mgomba likafunika chungu, likafungia samaki, likatandikwa chini ya mkate ili usishike. Vyote hivyo vikichakaa hutupwa shambani, na baada ya muda mfupi vinakuwa udongo unaootesha mgomba mwengine.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya ukili, na hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mama alikaa barazani na majani yake makavu, mengine yametiwa rangi, akasuka utepe mrefu huku anazungumza na jirani. Ule utepe ukashonwa duara kwa duara ukawa mkeka, jamvi, kikapu au kawa. Mimi ni fundi wa cherehani, na nikilitazama kawa zuri naona kazi ya fundi mwenzangu: mshono haufuki, rangi zinakutana panapotakiwa, na umbo la pia limepatikana bila ya kipimo cha karatasi.

Kawa si pambo tu. Likiwekwa juu ya sinia la maandazi ya moto, mvuke hutoka kupitia katika msuko na inzi hawaingii. Maandazi hubaki makavu kwa nje na laini kwa ndani. Sasa linganisha na boksi la plastiki. Sambusa ya moto ukiifungia humo, mvuke hauna pa kutokea. Unageuka matone ya maji kwenye kifuniko, unarudi chini, na baada ya nusu saa sambusa imelowa. Wauzaji wengi hulaumu manda, kumbe mkosa ni boksi.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ametuachia kumbukumbu zake kwa jina la Emily Ruete. Kitabu chake kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo ameeleza namna watu wa nyumba ya Sultani, ambaye alikuwa baba yake, walivyokaa chini kuizunguka meza ndefu na fupi kwenda juu, vyakula vimepangwa kati, na kila mtu akala kwa mkono wake. Kwa hivyo desturi ya kula pamoja katika chombo kimoja haikuwa ya masikini peke yao. Ilikuwa ya jumba la mfalme pia.

Vitafunio vilivyojifunga vyenyewe

Kuna jambo jengine ambalo mabibi zetu walilifanya kwa akili sana. Walitengeneza vitafunio ambavyo havihitaji kufungwa.

Chukua visheti. Ukishavikaanga unavitia katika shira nzito, unavipindua mpaka sukari inakauka na kuwa ganda jeupe. Lile ganda ndiyo karatasi yake. Havishikani, havichafui mkono, na ndani ya mkebe wenye kifuniko hukaa siku nyingi. Kashata nayo hukatwa vipande ikiwa bado ina moto, na ikipoa kila kipande kinajitegemea. Vileja vya unga wa mchele, samli na iliki hukauka vikawa vyepesi kuviweka. Tambi na biskuti hali kadhalika.

Halua ndiyo mfalme wao. Sukari, wanga, samli, iliki, zafarani na kungumanga, vinakorogwa juu ya moto kwa saa kadhaa bila ya mkono kupumzika. Kwa wingi wa sukari na samli, halua hukaa muda mrefu bila ya friji. Ndugu zetu wa Oman wanaijua vile vile, na huko na huku hupewa mgeni pamoja na kahawa chungu. Kwetu ilitiwa ndani ya vikapu vidogo vya ukili. Mtu alinunua halua, akampa kazi pia mama aliyesuka kikapu. Shilingi moja ililisha nyumba mbili.

Na barabarani tulikuwa na muuza kahawa. Mkono mmoja dele la kahawa likiwa na makaa yake, mkono mwengine vikombe vidogo vya kauri anavigonganisha ili watu wasikie kuwa amefika. Mteja hunywa hapo hapo, anatafuna kashata yake, anarudisha kikombe. Kikombe kinaoshwa, anapewa mwengine. Barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, hadi leo watu wanakunywa kahawa katika vikombe vya kauri. Hesabu vikombe vingapi vya kutupwa vimeokolewa na ule mtindo wa "kunywa hapa hapa".

Sahani hairudi tupu

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yangu.

Mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, watoto wa mtaa mzima walikuwa njiani na sahani zilizofunikwa vitambaa. Huyu anapeleka kaimati, yule tambi za nazi, yule mkate wa kumimina. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wasallam) alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi aongeze maji ili majirani nao wapate. Watu wa mitaa yetu waliushika wasia huo kwa vitendo.

Lakini desturi ile ilikuwa na mguu wa pili. Sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa kaimati leo, kesho utairudisha sahani ile ile imeoshwa, na ndani mna kitu: vitumbua viwili, maembe, hata sukari kidogo ikiwa huna. Sahani ikawa kama uzi kwenye cherehani, inakwenda na kurudi, na kila ikipita inashona nyumba mbili pamoja.

Kitambaa kilichoifunika nacho kilikuwa na heshima yake. Wasichana walifundishwa kudarizi vitambaa vya kufunikia masinia kabla ya kuolewa, na mwari alitiliwa kadhaa katika sanduku lake. Mtu akiona kitambaa, anajua sahani imetoka nyumba gani. Chombo kilikuwa na jina.

Boksi la plastiki halina jina. Ukipelekewa chakula ndani yake, umeambiwa kwa upole kwamba usirudi. Huna cha kurudisha, basi huna sababu ya kubisha hodi. Tumepoteza zaidi ya usafi wa mtaa. Tumepoteza na njia ya kutembeleana.

Kutoka gazeti hadi mfuko

Mabadiliko hayakuja siku moja. Kwanza lilikuja gazeti kuukuu. Bajia na njugu zilitiwa ndani ya karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe, na wengi wetu tumekula hivyo. Sisemi turudi huko, kwa sababu wino wa gazeti haukutengenezwa kwa ajili ya chakula, na mafuta ya moto huuyeyusha ukashika kwenye bajia.

Wakati huo huo tulikuwa na chupa za soda za kioo. Ulikuwa huchukui soda dukani mpaka ulete chupa tupu, au uache pesa ya chupa. Mtoto alijua kuwa chupa ni mali. Leo chupa ya plastiki inalala mtaroni na hakuna anayeinama kuiokota.

Plastiki hii laini ya mifuko ina historia yake. Iligunduliwa kwa bahati tu mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Mfuko wenye mikono miwili tunaoujua ulibuniwa na Sten Gustaf Thulin, na kampuni ya Celloplast ya Sweden ikausajili mwaka 1965. Linalonishangaza ni kwamba mwanawe alieleza baadaye kuwa baba yake aliutengeneza mfuko ule ili watu waukunje mfukoni na kuutumia tena na tena, badala ya karatasi zinazomaliza miti. Hata aliyeubuni alikusudia uwe ni kitu cha kurudi! Watu ndio walioufanya wa kutupa.

Sheria ilikamata mfuko, boksi likapita

Zanzibar ilichukua hatua mapema. Mwaka 2006 Serikali ya Mapinduzi ilipiga marufuku kuingiza na kutengeneza mifuko ya plastiki. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sisi watu wa visiwani tuliwatangulia wenzetu kwa miaka mingi, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini mkazo wa marufuku ulikuwa juu ya mfuko. Huku mfuko unafukuzwa sokoni Darajani, boksi angavu la keki liliingia kwa mlango wa harusi, na tukalipokea kwa vigelegele. Lina utepe, lina jina la biharusi na bwana harusi, linapendeza kwenye picha. Likageuka kuwa kipimo cha heshima. Familia isiyoweza inakopa, kwa sababu wa jirani walitoa maboksi.

Dada zangu, Qur'ani katika Suratul A'araaf aya ya 31 imeturuhusu kula na kunywa na kujipamba, kisha ikatukataza israfu. Na Suratul Israa aya ya 27 imewataja wafujaji kwa maneno mazito sana. Tukiwa tunanunua vitu mia kadhaa kwa makusudi ya kuvitupa jioni ile ile, tujiulize jina lake ni lipi. Tukumbuke pia kuwa kuondosha kinachowaudhi watu njiani ni katika matawi ya imani. Basi aliyekiondosha kabla hakijafika njiani nadhani naye anatarajia fungu lake.

Kwa biharusi wa leo

Sikusudii harusi ziwe kavu. Mimi riziki yangu ni mapambo ya harusi. Nakusudia tuipange shughuli kwa akili ya mabibi zetu. Haya ndiyo ninayowashauri wateja wangu.

Kwanza, chagua vitafunio kabla ya kuchagua vyombo. Vya moto na vya mafuta, kama sambusa, katlesi na kachori, viliwe pale pale ukumbini kwenye masinia. Vya shira, kama kaimati, viwe katika bakuli na vijiko vya bati. Vya kuchukua nyumbani viwe vikavu tu: visheti, vileja, kashata. Ukifuata kanuni hii moja, boksi linakuwa halina kazi tena.

Pili, rudisha sinia. Wageni sita kwa sinia moja, basi wageni 300 wanahitaji masinia 50. Mitaa mingi ina vyombo vya shughuli vya kukodi au kuazima, na ukiwauliza kina mama wa mtaani kwako watakuelekeza. Funika kwa makawa, na picha zako zitakuwa na uzuri ambao ukumbi wa jana hakuwa nao mtu.

Tatu, tandika jani la mgomba. Chagua jani changa lisilopasuka, lifute kwa kitambaa chenye maji, kisha libabue juu ya moto mdogo. Utaona rangi inakoza na jani linakuwa laini kama kitambaa. Toa ule mshipa mgumu wa kati, kata duara kwa kipimo cha sinia, na upange sambusa juu yake. Ukitaka kukata mengi, tumia sahani kama ruwaza, kama tunavyofanya tukikata kitambaa.

Nne, angalia kifuko cha zawadi. Hapa nasema kama fundi. Vile vifuko vya oganza vinavyong'ara, ambavyo wengi huvipenda kwa kudhani ni kitambaa kama vitambaa vyengine, kwa kawaida ni nailoni au poliesta, nayo ni plastiki iliyofumwa. Mteja mmoja aliwahi kuniagiza vifuko 200 vya namna hiyo. Nikamuonesha vipande vya pamba vilivyobaki kwenye meza yangu ya kukatia, tukakubaliana kwa hivyo. Kata mraba wa sentimita 30, pinda kingo zake, ufue kwa maji ya moto ili dawa ya kiwandani itoke, uanike juani. Weka visheti kati, kusanya pembe nne, funga kwa ukili mwembamba. Mgeni akimaliza visheti anabaki na leso. Kanga kuukuu iliyo safi nayo yafaa, na ina rangi zake na jina lake.

Tano, maji yawe katika mitungi na bilauri. Weka wasichana wawili wa kuosha na uwalipe vizuri kwa zile pesa ulizookoa kwenye chupa.

Sita, mteue mtu mmoja wa kuhesabu vyombo. Shughuli nyingi hukimbilia vya kutupa kwa kuogopa vyombo kupotea. Tia tone la rangi ya kucha chini ya kila sahani yako, na usiku ule ule zihesabiwe kabla watu hawajatawanyika.

Kwa wenzangu tunaouza vitafunio nyumbani, tuirejeshe ile desturi ya chupa ya soda. Mpe mteja visheti ndani ya mkebe, aache amana kidogo, akirudisha mkebe umpe pesa yake au umpunguzie bei ya safari ijayo. Mteja anayerudisha mkebe anarudi dukani, na anayerudi mara nyingi hanunui visheti peke yake. Na tukihitaji vikapu, tuwatafute mama zetu wanaosuka ukili mashamba. Mikono yao bado inaijua kazi, lakini mabinti zao hawatajifunza kama hakuna anayenunua.

Tusingoje harusi, tuanze wiki hii. Pika kitu kidogo, kitie katika sahani yako mwenyewe, kifunike kitambaa, mpelekee jirani ambaye hujamuona siku nyingi. Usimwambie chochote kuhusu sahani. Itarudi, inshaAllah, na haitarudi tupu.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zetu, atujaalie kula kwa shukurani na atuepushe na israfu. Aamiin.